Mringaringa wa Pili

Sisi tuliozaliwa kwenye migomba hatuupendi upepo. Huko Uru, mlimani juu ya Moshi, upepo ukianza kuvuma mchana, mama yangu hutoka jikoni akasimama mlangoni kusikiliza. Ukisikia kishindo upande wa chini wa kihamba, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, basi mkungu ambao haujakomaa umelala chini pamoja na shina lake, na mama atakunja uso mpaka jioni. Nilikua nikiujua upepo kama mwizi asiyeogopa mchana. Kazi yetu ilikuwa kuegemeza migomba kwa miti yenye panda na kumwomba Mungu. Nilijua pia jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua bila kufundishwa: jani zima ndilo linaloangusha mgomba. Jani lililochanika linaupitisha upepo, na mgomba unabaki umesimama.

Naeleza haya mapema ili usije ukanicheka sana.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Moshi mjini, karibu na soko, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nashona pia mapazia, vitambaa vya makochi, na mara moja moja maturubai ya magari ya mizigo, kwa sababu nina cherehani moja kubwa ambayo haiogopi kitu. Ni hiyo cherehani iliyomleta yule mvuvi.

Aliingia na furushi la viroba vilivyounganishwa kwa uzi wa nyavu, limechakaa, linanuka samaki mpaka wateja wangu wakasogea nje. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye maneno mengi. Amezaliwa huku huku lakini si Mchagga. Baba yake alitoka Ukerewe akaja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, huyu mwanawe miwa ikamshinda, akashuka Nyumba ya Mungu kuvua perege. Nyumba ya Mungu ni lile bwawa kubwa huko chini, kusini mwa Moshi. Nilikuwa nalisikia tu, na kulikuta kwenye sahani.

"Dada, hili ni tanga," akasema. "Nishonee jingine kama hili, ila liwe la turubai. Hili limenichosha."

Nikapima, nikakata, nikashona. Na kwa kuwa mimi nikifanya kazi naifanya, nililifikiria lile tanga kwa akili yangu ya Uru. Kitambaa kikubwa namna hii, kikisimamishwa katikati ya maji, upepo si utakipasua? Au si utauangusha mtumbwi wote? Nikakumbuka na yale mabango ya vitambaa yanayotundikwa juu ya barabara, ambayo hutobolewa ili yasing'oke. Basi nikatoboa. Niliyapanga matundu kwa mistari mizuri, kila moja kwa umbo la nusu mwezi, na kingo zake nikazipinda na kuzishona mara mbili. Nilipomkabidhi sikumwambia kitu. Nilitaka alifungue mwenyewe, ashangae.

Alishangaa kweli. Baada ya siku chache nilipokea video kwenye simu. Tanga langu limetundikwa mlingotini, limelegea kama suruali iliyoanikwa, na sauti yake inasema, "Dada, nilikuomba tanga, umenishonea chujio. Upepo unafika, unaniaga, unakwenda zake."

Nilicheka, halafu nikakasirika. Yale matundu yalikuwa mazuri, na fundi hapendi kuambiwa kwamba kazi yake nzuri haifai. Nikamjibu kuwa Jumamosi nitashuka mwenyewe na viraka vyangu, nione huo upepo wake unataka nini.

Ukishuka kutoka Moshi kwenda huko, kijani kinakuishia njiani. Migomba inakuaga, miwa inakuaga, unabaki na migunga, vumbi na mbuzi. Nilifika nimeshaanza kununa. Nikaketi kwenye kivuli cha kibanda cha kukaangia samaki, nikaziba matundu yangu moja baada ya jingine, mvuvi amenisimamia akinitania kwamba ameona watu wakishona nguo iliyochanika, lakini hajawahi kuona fundi anayechana kwanza. Nilimwacha aseme. Nilikuwa sijayatazama maji vizuri. Bahari nilishaiona mara moja, nilipokwenda harusini Dar, tena kupitia dirisha la gari, na haikuniambia kitu.

Nilipomaliza akasema, "Sasa panda, ujue ulichoshona."

Nilipanda kwa ubishi tu. Akatusukuma mpaka maji yakawa na kina, akavuta kamba, tanga likapanda. Lilianza kupiga kelele kama shuka linalokung'utwa, nami nikafumba macho nikisubiri lipasuke, maana kelele hiyo naijua, ni ya migomba kabla haijalala. Halikupasuka. Ghafla likanyamaza. Ule ukimya ndio ulionifanya nifumbue macho, nikaliona limetunisha tumbo, limejaa, kila mshono wangu umekaza, na mtumbwi umeinama kidogo upande mmoja. Tulikuwa tunakwenda.

Hakuna aliyepiga kasia. Hapakuwa na injini. Maji yalikuwa yanasema chini ya mbao, maneno ya haraka haraka, na ufuko ulikuwa unarudi nyuma pamoja na mbuzi wake. Nilitazama tanga, nikatazama maji, nikatazama tanga tena. Yule mwizi wa migomba yetu alikuwa amefungwa kamba na anafanya kazi, tena anaifanya kwa raha. Miaka yote tulimwekea miti yenye panda, na watu hawa walikuwa wamemwekea kitambaa! Nilistaajabu, na sioni aibu kusema.

"Shika hapa," mvuvi akasema, akanipa kamba ya tanga.

Nikaishika. Ilikuwa inavuta, haikuvuta kwa fujo, ilivuta kama ndama anayejua njia ya nyumbani. Nikiilegeza, mtumbwi unapunguza mwendo. Nikiikaza, unaondoka. Upepo niliokuwa nausikiliza mlangoni tangu utoto nilikuwa nimeushika mkononi, na unanisikia. Nikaanza kucheka peke yangu. Kisha nikamgeukia mvuvi nikamgombeza.

"Kwa nini hamsemi? Mnakaa na kitu kama hiki huku chini, mkija mjini mnatuuzia perege tu!"

"Dada," akasema, "sisi tunafuata samaki. Wewe ndiye wa kwanza kuja kufuata safari yenyewe."

Tangu siku hiyo Jumamosi zangu zikaisha. Nilifunga kibanda mapema, nikashuka. Nilijifunza kugeuza mtumbwi bila kupigwa kichwani na mti wa tanga, baada ya kupigwa. Nilijifunza kuuona upepo kabla haujafika, pale maji yanapobadilika rangi na kukunjamana kama kitambaa ambacho hakijapigwa pasi. Wavuvi walinizoea. Kaka yangu aliye Dar alipopata habari akanipigia simu kuuliza kama mimi ni Mchagga kweli, maana Mchagga huwa anafuata biashara, na upepo hauna risiti. Nikamwambia aangalie shughuli zake.

Lakini mtumbwi haukuwa wangu. Kila nilipoanza kuuelewa, ulikuwa na kazi. Kuna nyavu za kutega, kuna samaki wa kupeleka. Azima hainogi. Siku moja tukiwa tunauvuta ufukoni nikasikia mdomo wangu unasema, "Nataka wa kwangu. Nataka utengenezwe nikiwa naona, kuanzia mbao ya kwanza."

Mvuvi hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi akafikiri. "Huku kwetu maji yapo, mti hakuna," akasema. "Kwenu mti upo, maji hakuna. Tafuta mringaringa. Ni mwepesi, na wadudu hawaupendi. Ukipata mmoja mnene, ulionyooka, unatosha mtumbwi wa mtu asiye na tamaa. Fundi nitakuonyesha."

Nilikuwa naujua mringaringa mnene, ulionyooka. Nilikuwa naujua, na nilijua ni wa nini.

Baba alipomleta mama kihambani alipanda miringaringa miwili kando ya mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji kutoka mlimani na kupita nyuma ya jiko letu. Mmoja wake, mmoja wa mama. Alipoanza kuugua aliukata wa kwanza mwenyewe, akaupasua mbao, akazipanga darini zikauke. Sote tulikuwa tunazipita pale chini tukijifanya hatuzioni. Alipofariki ziliteremshwa, na amelala ndani yake mpaka leo, hapo hapo kihambani. Wa pili ukabaki umesimama. Mama hufagia chini yake kila asubuhi, na kila akiupita huupiga kofi dogo, kama anavyomsalimia jirani. Ukitoa maua, kihamba chote kinajaa nyuki na weupe.

Nilimkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeungua. Ni hilo jua la huko chini."

"Mama, nimekuja kuomba mringaringa."

"Wa nini?"

"Wa mtumbwi."

Akamenya ndizi moja mpaka mwisho, akaitia kwenye maji. "Mtumbwi," akasema. "Hapa Uru. Utaupitisha kwenye mfongo?"

"Nitaupeleka Nyumba ya Mungu."

"Nyumba ya Mungu naijua. Ina kengele, na Jumapili iliyopita hukuonekana."

Nikaanza kumweleza habari za tanga, na kamba, na upepo unaotii. Nilieleza vibaya. Jambo lile ukilisema jikoni linakuwa dogo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila ukali, "Mti ule una kazi yake. Baba yako aliniambia, huu utakubeba. Siwezi kuugawa, mwanangu."

Niliondoka nimenuna. Mtu wa umri wangu kumnunia mama yake ni aibu, lakini nilinuna wiki nzima, na watoto wa shule waliokuja kupimwa sare wakapata hasara yake. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Nilikuwa naomba jeneza la mama yangu ili nikachezee kwenye maji. Nililisema hivyo mbele ya kioo cha kibandani, neno kwa neno, na bado niliutaka ule mti.

Jumapili iliyofuata nilifanya jambo ambalo mtu asiye wa kwetu asingelifikiria. Mipakani mwa vihamba tunapanda masale, ile mimea yenye majani marefu. Kwetu, ukimkosea mtu, hata kama ameapa hatakuangalia tena, ukimpelekea jani la isale hawezi kukukatalia msamaha. Lazima alipokee. Nikachuma isale, nikalifunga fundo, nikapiga magoti mbele ya mama nikamwekea mapajani.

Alishtuka. Akafuta mikono kwenye kanga. "Nani amekosa?"

"Mimi."

"Umekosa nini?"

"Nimeutamani mti wako. Na bado nautamani."

Mama akanitazama. "Hilo si la isale," akasema. "Hilo ni amri ya kumi. Nenda kwa padre."

Nikadhani yamekwisha. Lakini hakunirudishia lile jani. Alikuwa amelishika, analigeuza huku na huku, naye anajua kama ninavyojua mimi kwamba isale likishapokelewa halirudi mikono mitupu. "Umenitega, wewe," akasema hatimaye. "Mti sikupi. Lakini nitakwenda kukiangalia hicho kinachokutia wazimu."

Alivaa kama anakwenda kwenye kipaimara: gauni lake la kola nyeupe, kitenge kipya, rozari shingoni. Akabeba na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mvuvi, kwa kuwa hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Kwenye gari la kukodi, tangu kijani kilipoisha, alisali rozari. Mvuvi alimpokea kwa heshima zote, "Shikamoo, bibi," akaupokea mkungu kwa mikono miwili. Mama akavua viatu, akaviweka pamoja vizuri juu ya jiwe, akaingia majini amekunja gauni kwa mkono mmoja. Tulimkalisha katikati.

Nilishika kamba mimi. Mvuvi alikaa nyuma kwenye usukani, kwa mara ya kwanza amenyamaza. Niliogopa sana. Mama akitishika, mti umekwenda. Lakini niliogopa zaidi kwamba atatazama huku na huku, ataona maji na vumbi, na atanionea huruma.

Tanga lilipoanza kupiga kelele, mama akaziba masikio. Nilimwelewa kabisa. Alikuwa anasubiri kishindo. Kisha likajaa, likanyamaza, mtumbwi ukainama na kuondoka. Akashusha mikono polepole, akainua macho.

Ilikuwa asubuhi, na upepo ulikuwa unatupeleka kaskazini. Mlima ulikuwa wazi wote.

Mama amezaliwa mlimani, ameolewa mlimani, amezaa mlimani. Kibo, kile kilele chenye theluji, anakiona kila kunapokucha, juu ya migomba, kama unavyoona upande wa shavu la mtu uliyekaa naye benchi moja kanisani. Mjini hushuka kuuza ndizi, akarudi na macho yake kwenye mizigo. Lakini mlima mzima, kuanzia tambarare ulikoota, Kibo huku na Mawenzi kule, mabega yakishuka pande zote mpaka yanayeyuka kwenye ukungu, hakuwahi kuuona. Mtoto aliye mapajani haoni uso wa mama yake. Na sasa alikuwa mbali kiasi cha kutosha, na ule uso ulikuwa unamtazama, na chini yake maji yanapita.

"Ndiye huyu?" akauliza, kama anaulizia mtu.

"Ndiye."

"Sisi tuko wapi?"

Nikamwonyesha ule ukanda wa kijani ulio chini ya msitu, mwembamba kama pindo la kitambaa. "Pale. Uru ni pale."

"Wadogo hivyo," akasema. "Ruwa wangu. Wadogo hivyo." Ruwa ndivyo wazee wetu wanavyomwita Mungu, na mama hulitaja jina hilo kwenye uzazi na msiba tu. Nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu baba azikwe.

Baadaye alishusha mkono akautia majini, akauacha uburutwe. Akauliza maji yale yametoka wapi.

"Kwenu, bibi," mvuvi akamjibu kutoka nyuma. "Mito ya mlimani inashukia huku. Kinachowapita ninyi, sisi ndimo tunamovulia."

Mama akautoa mkono, akautazama unavyodondoka matone. "Yamepita kwangu," akasema. Nilikuwa nimepigwa na butwaa kwa mara ya pili mahali pale pale, safari hii kwa kumtazama yeye.

Nyumbani hakuingia ndani. Alipita nyuma ya jiko akaenda moja kwa moja kwenye mringaringa. Nilimfuata kwa mbali. Akauwekea kiganja, si lile kofi la salamu, akakiacha pale. Mfongo ulikuwa unapita miguuni mwake, maji yanakwenda zake chini.

"Baba yako aliniambia, huu utakubeba," akasema bila kugeuka. "Hakuniambia nisubiri nife."

Nikasogea mpaka ukingo wa mfongo.

"Jeneza kaka zako watanunua mjini. Wanapenda kununua. Wewe kata. Kiti changu kiwe mbele, kinachotazama mlima." Akaanza kurudi jikoni, akasimama. "Na tanga usitoboe."

Tulichukua kibali kijijini, tukaukata baada ya maua kwisha, tukaupasua. Mbao tulizipanga darini zikauke, mahali pale pale zilipokaa za baba, kwa kuwa kwingine hakuna nafasi. Hapo ndipo hofu iliponirudia. Nilikuwa nikiingia ndani na kuinua macho, naona mbao tu. Mbao hazijui zitakuwa nini. Mama ni mtu mzima sana, msimu wa baridi humkalia kifuani, na mti mbichi hauharakishwi. Kama angetangulia yeye kabla hazijakauka, nilijua zitateremshwa kwa kazi ile ya zamani, na nisingekuwa na neno la kusema. Naye alijua. Kila Jumapili nilipofika, kabla sijamaliza shikamoo, alikuwa ananiuliza kama zimekauka. Napanda, nazigonga, zinatoa sauti nzito. Bado, mama. Anatikisa kichwa, anakohoa, anarudi kwenye ndizi zake.

Jumapili iliyopita aliuliza tena. Nikapanda ngazi, nikagonga ya juu kwa kifundo cha kidole. Ikalia, wazi na nyepesi. Nikagonga ya chini yake, nayo ikalia. Nikazigonga zote, nimepiga magoti gizani na vumbi la dari kichwani, na kila moja ikaniitikia.

"Zinasemaje?" mama akaita kutoka chini.

"Zimekauka, mama."

Nikasikia stuli inasogezwa.

"Basi shuka," akasema, "tukanunue misumari."

Nilipofika chini alikuwa ameshavaa viatu.